Kupima Tangazo Badala ya Kubishana

Karatasi hii ina maneno yale yale ya somo lililosomwa redioni. Shika kalamu, kwa maana leo tuna hesabu kidogo.

Mwenye duka akibandika tangazo mlangoni, atajuaje kama ndilo lililomletea wateja? Pengine wamekuja kwa sababu ni mwisho wa mwezi na mishahara imetoka. Pengine duka la jirani limefungwa. Swali hili limewasumbua wafanya biashara zaidi ya miaka 100.

Huko Chicago, Marekani, palikuwa na mwandishi wa matangazo aliyeitwa Claude Hopkins. Mwaka 1923 alitoa kitabu cha kueleza kazi yake. Njia yake ilikuwa hivi: tangazo la bidhaa moja liliandikwa kwa namna mbalimbali, na chini yake pakawekwa kuponi, yaani kipande cha kukata na kurudisha kwa posta. Kila kuponi ilikuwa na alama yake. Zilipofika zilihesabiwa, ikajulikana ni maneno gani yaliyowavuta watu. Hapo hakukuwa na haja ya wakubwa kubishana mezani.

Lakini njia hiyo ilikuwa na kasoro. Wasomaji wa gazeti hili si sawa na wasomaji wa gazeti lile. Basi tangazo likishinda, limeshinda kwa uzuri wake, au kwa kuwa lilisomwa na wenye fedha?

Jibu lilitoka shambani. Mwaka 1919 Ronald Fisher alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Wewe mkulima wajua kwamba ukipanda mbegu mpya bondeni na ya zamani kilimani, hujapima mbegu, umepima udongo. Fisher alifundisha kuligawa shamba vipande vingi, kisha kupiga kura ili kila kipande kipate mbegu yake kwa bahati tu. Kura haina upendeleo. Na vipande viwe vingi, kwa maana ukirusha sarafu mara 10 inaweza kuanguka upande mmoja mara 7 bila sababu yo yote.

Sasa tuje kwenye tovuti. Tovuti ni kurasa ambazo kampuni au chama huziweka katika intaneti, nawe ukazifungua kwa simu au kompyuta. Hapa kuponi ya Hopkins na kura ya Fisher zimekutana. Mgeni akifika, kompyuta humpigia kura, humwonyesha ukurasa wa namna ya kwanza au wa pili, kisha huandika kama amenunua au ameondoka. Mgeni mwenyewe hajui kwamba kuna ukurasa mwingine.

Tazama mfano wa Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya. Alipogombea urais wa Marekani, tovuti yake iliwaomba wageni waandike anwani zao, ili baadaye waombwe michango. Mwezi wa Desemba 2007 Dan Siroker, aliyetoka kampuni ya Google, aliupima ukurasa huo. Vilitengenezwa vitufe vinne vyenye maneno tofauti, picha tatu na filamu fupi tatu. Mara nne kwa sita ni kurasa 24. Walipita wageni 310,382, hivyo kila ukurasa ulionwa na watu karibu 13,000.

Wafanyakazi wa kampeni waliipenda filamu moja, wakadhani itashinda. Ajabu ni kwamba filamu zote zilishindwa na picha. Iliyoshinda ilikuwa picha ya Obama pamoja na mke na watoto wake, na kitufe chenye maana ya "Jifunze Zaidi". Kwa ukurasa wa zamani, kati ya wageni 10,000 walijiandikisha 826. Kwa ukurasa ulioshinda, walijiandikisha 1,160. Toa wewe mwenyewe, uone tofauti.

Siroker alikadiria kwamba tofauti hiyo ilileta dola milioni 60 za michango. Makadirio hayo yanachukulia kwamba ukurasa uliendelea kushinda kwa kiasi kile kile mpaka mwisho wa kampeni, kwa hiyo yapokee kwa hadhari. Lakini kama wangefuata macho ya wakubwa, ile filamu ingewekwa, na hakuna ambaye angejua hasara yake.

Kipimo hakielezi kila jambo. Kinasema kipi kimeshinda, hakisemi kwa nini. Wala hakisemi kama jambo lenyewe ni la haki. Mwezi wa Januari 2012 kampuni ya Facebook, kwa muda wa wiki moja, iliwabadilishia watumiaji 689,003 habari walizoziona: wengine walipunguziwa maneno ya furaha, wengine ya huzuni. Watafiti walitaka kuona kama wao nao wataandika kwa furaha au kwa huzuni. Tofauti iliyoonekana ilikuwa ndogo sana. Habari hiyo ilipochapishwa mwaka 2014 watu walikasirika, kwa maana hakuna aliyeulizwa kwanza. Kampuni ilijitetea kwamba watumiaji walikubali masharti siku walipojiunga. Mimi naona utetezi huo ni hafifu. Masharti yale ni marefu, na wachache huyasoma.

Hata simu iliyo mfukoni mwako yaweza kukuonyesha ukurasa usio sawa na wa jirani yako, ingawa mmefungua tovuti moja.

Kazi ya darasa: Mwenye duka akipima rangi ya tangazo, je, lazima awaombe wateja ruhusa? Na akipima huzuni yao? Gawanyikeni pande mbili mjadiliane, na karani wa darasa aandike hoja za kila upande.