Askofu Colenso na Swali la Moto wa Milele

Katika mafundisho ya Kikristo ni machache yaliyowatisha watu, na kuwatenga wataalamu, kama mafundisho juu ya mwisho wa waovu. Je, adhabu yao haina kikomo, au iko siku Mungu atawarudisha viumbe wake wote kwake? Swali hili ni la kale. Origen wa Aleksandria, aliyefariki yapata mwaka 253, alitumaini ya kuwa moto wa Mungu ni wa kutakasa, na ya kuwa mwishowe viumbe vyote vitarejea kwa Muumba wao. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alilikataa tumaini hilo. Hoja yake ni nyepesi kushika na ngumu kujibu: katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo neno lile lile limetumika kwa uzima na kwa adhabu, basi mwenye kuipa adhabu kikomo, na aupe uzima kikomo pia. Mwaka 543 Kaisari Justiniano alitoa amri ya kuyalaani mafundisho ya Origen, na kwa karne nyingi watu wachache tu walithubutu kulizungumza jambo hili hadharani.

Insha hii haikusudii kuamua kati ya Origen na Augustino. Nia yake ni kuonyesha jinsi swali hilo lilivyofufuka katika Afrika ya Kusini, na kwa nini lilifufuka huko.

John William Colenso alizaliwa Uingereza mwaka 1814, akawa mwalimu wa hesabu ambaye vitabu vyake vilitumika sana mashuleni. Mwaka 1853 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Natal. Alipokwenda kukaa huko mwaka 1855 alifuatana na watu wawili ambao majina yao yana uhusiano na habari zetu. Mmoja ni Wilhelm Bleek, aliyeliingiza neno "Bantu" katika elimu ya lugha. Wa pili ni Charles Mackenzie, ambaye mwaka 1861 alifanywa askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, misheni iliyohamia Unguja mwaka 1864 baada ya kifo chake.

Colenso alijifunza Kizulu kwa bidii katika kituo chake cha Ekukhanyeni, karibu na Pietermaritzburg, na mwaka 1861 alitoa kamusi ya lugha hiyo. Wenyeji walimwita Sobantu, yaani baba wa watu. Lakini ajifunzaye lugha ya watu hulazimika pia kuyasikia maswali yao, na mafundisho ya moto wa milele yalizaa swali moja lisiloepukika: ikiwa asiyeisikia Injili amekwisha kuhukumiwa, baba zetu na mama zetu wako wapi?

Uzito wa swali hili haukuhisiwa sana Ulaya. Huko mhubiri wa jehanum aliwatisha walio hai ili watubu. Katika Natal maneno yale yale yaliwahukumu waliokufa, ambao hawakupewa nafasi ya kutubu. Kumwambia mtu aokoke peke yake, awaache wazazi wake motoni, ni kumtaka awakane watu wake. Nasi tunajua wahenga walivyonena: mkataa kwao ni mtumwa.

Mwaka 1861 Colenso alichapisha ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi, kwa jicho la mmisionari. Humo alieleza kwamba hawezi tena kuyafundisha mafundisho ya adhabu isiyo na mwisho. Hakusema kuwa dhambi ni jambo jepesi, wala kuwa hakuna adhabu baada ya kufa. Alisema kuwa adhabu ya Mungu ni ya baba anayemrudi mwanawe ili atengenee, na kaburi si ukuta wa kuyazuia mapenzi yake.

Robert Gray, askofu wa Cape Town, aliona hatari kubwa, naye hakukosa hoja. Askofu ameahidi kuilinda imani aliyoipokea. Kila mmoja akipunguza apendavyo, kundi litabaki na nini? Mwaka 1863 Colenso alishtakiwa mbele yake. Mengi katika mashtaka yalihusu vitabu vyake vya kuihoji Torati, lakini adhabu ya milele ilikuwamo. Mshtakiwa hakuwapo, Bleek ndiye aliyewasilisha pingamizi lake. Gray akamvua uaskofu. Mwaka 1865 Baraza la Sheria la Malkia, London, likaamua kuwa Gray hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Mwaka 1866 Gray akamtenga na ushirika wa Kanisa.

Uingereza kwenyewe mambo hayakuwa shwari. Mwaka 1853 F. D. Maurice, rafiki wa Colenso, alikuwa ameondolewa katika kazi ya uprofesa huko King's College, London, kwa sababu ya jambo hili hili. Mwaka 1864 Baraza la Sheria liliamua katika kesi ya kasisi H. B. Wilson kwamba anayetumaini msamaha wa mwisho kwa waovu havunji sheria ya Kanisa la Uingereza. Maana kifungu cha mwaka 1553 kilicholaani tumaini hilo kilikwisha kuondolewa mwaka 1563. Makasisi wapata 11,000 walitia sahihi tamko la kushikilia adhabu ya milele.

Kiswahili nacho kimelibeba swali hili. Biblia yetu hutofautisha jehanum, neno lililotufikia kwa Kiarabu, na kuzimu, neno lenye shina moja na mzimu, roho ya aliyekufa. Basi msomaji wa Kiswahili akisoma habari za kuzimu, wahenga wake hawako mbali na neno hilo.

Colenso aliishi sawasawa na fundisho lake. Alimtetea Langalibalele, mkuu wa Wahlubi, aliposhtakiwa na serikali ya Natal mwaka 1874, na mwaka 1879 alivilaumu vita vya Waingereza juu ya Wazulu. Alifariki mwaka 1883, bado akipingwa na wengi wa taifa lake. Hoja ya Augustino haikuanguka kwa kazi yake, na wasomi wangali wakishindana juu ya neno "milele". Lakini aliacha kipimo ambacho kila mhubiri wa hukumu hana budi kukikabili: je, unaweza kuyasema maneno hayo kwa lugha ya mtoto wa marehemu, ukimtazama usoni, na bado ukamwambia kuwa Mungu ni baba?