Umeme Tuli Juu ya Zulia

Kwa miaka 20, kuanzia Machi 2005 hadi Machi 2025, wakazi wa Kampala walilipia taa zao kwa kampuni yenye jina la Kiswahili: Umeme. Mkataba ulipokwisha, kazi ikahamia kwa shirika la serikali, UEDCL, lakini jina limebaki midomoni. Huku kwetu Ntinda bado utasikia mtu akisema "Umeme wamekata". Kwa hiyo jirani yangu aliponiuliza, "Mwalimu, ni kweli zulia lina umeme?" nilifurahi kuona nusu ya istilahi anayo tayari.

Alikuwa amemnunulia bintiye kompyuta ya mezani, na meza yenyewe hakuna. Kasha lilisimama juu ya zulia la nailoni lenye manyoya marefu, na mtu alikuwa amemtisha kwamba kompyuta itaungua.

Nusu iliyobaki ni neno tuli. Vitabu vya fizikia huita umeme unaopita kwenye waya mkondo, kama maji ya mto. Umeme tuli ni maji ya dimbwi. Soksi ikisugua nailoni, elektroni huhama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na kwa kuwa nailoni haipitishi umeme, chaji hukaa palepale hadi kidole kiguse kitasa cha mlango. Mtu huhisi cheche hiyo inapofika karibu volti 3,000, ilhali chipu nyingine huharibika hata chini ya volti 100. Yaani unaweza kuua kifaa bila kuhisi lolote. Ndiyo maana nalipenda neno hili: linataja utulivu, na hatari yake imo humo humo.

Kiswahili kilikuwa na njia nyingine. Tunalo neno kaharabu, ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe la kutengenezea shanga. Asili yake ni Kiajemi, kwa maana ya kinyakua majani makavu, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa huvuta vipande vya majani. Waarabu wakalichukua neno hilohilo kuita umeme wote, na Wazungu wakafanya vivyo hivyo kwa jina la Kigiriki la jiwe hilo. Sisi tukauchukua wetu kutoka mawinguni, kwenye mmweko unaotangulia ngurumo.

Nikamtuliza jirani. Hewa ya Kampala, iliyo kando ya Ziwa Viktoria, huwa na unyevu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na unyevu huondoa chaji kidogo kidogo. Ndugu zetu wa Toronto, wanaowasha joto ndani wakati wa baridi kali, ndio wanaozijua cheche hizi vizuri. Tena kasha ni la chuma na limeunganishwa na waya wa ardhi, mradi plagi ya pini tatu ichomekwe kwenye soketi yenye ardhi inayofanya kazi, si kwenye adapta ya pini mbili.

Kilichonitia wasiwasi kilikuwa chini ya kasha. Nililiinua nikakuta manyoya ya zulia yameziba matundu ambamo feni huvuta hewa, na kwenye chujio vumbi jekundu la barabarani limeshikana kama blanketi. Kompyuta isiyopumua hupata joto, hupunguza kasi, mwisho hujizima. Tukatafuta ubao mgumu, mpana kuliko kasha, tukaulaza juu ya zulia, kisha tukasogeza kasha mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja.

Juma lililofuata binti alitaka kuongeza kumbukumbu. Nilimwambia azime mashine, achomoe waya, asimame kwenye sakafu tupu avue soksi, kisha aguse chuma kisichopakwa rangi ili yeye na kasha wawe kwenye volti sawa. Akanyoosha kidole taratibu, macho ameyafumba, akingoja cheche. Haikuja. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.