Mikoko Myeupe: Historia ya Lamu Ambayo Macho Hayaioni

Nikiposti jahazi na jua likizama, laiki zinamiminika. Nikiposti mikoko, kimya. Hata babu yangu, aliyekata boriti tangu ujana wake, huniuliza, "Mwanangu, miti hii waitakia nini?"

Juzi nikamwonyesha picha niliyopiga kwenye mkondo wa kwenda Takwa, kisiwani Manda. Majani meupe pepepe, maji meusi kama wino. Akaitazama sana, kisha akaweka kidole kwenye pengo jeusi katikati ya weupe. "Hapa tulikata sisi. Hapakumea tena."

Wadau, hiyo si filta ya simu. Ni infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo haya sikufundishwa darasani, niliyasoma usiku kwa bando. Mwaka 1800, William Herschel kule Uingereza aliupitisha mwanga wa jua kwenye kioo, ukagawanyika rangi. Akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote, na joto likapanda. Mwaka 1910, Mmarekani Robert Wood akachapisha picha za miti iliyotoka myeupe. Jani hai huirudisha infraredi kwa wingi kwa sababu ya jinsi lilivyoumbwa ndani. Maji na tope bichi huimeza.

Halafu vita ikaingia. Katika Vita vya Pili vya Dunia, filamu za infraredi zilitumika kuwafichua wanajeshi, maana turubai lililopakwa rangi ya kijani haling'ai kama jani la kweli. Miaka mingi baadaye, Richard Mosse wa Ireland akaibeba filamu ya aina hiyo hadi mashariki mwa Kongo, na vilima vya Kivu vikatoka rangi ya waridi. Mwaka 2013 kazi yake ilionyeshwa Venice. Noma sana. Lakini mimi nikajiuliza: kwetu je, ni nini kimejificha ndani ya kijani?

Jibu liko juu ya kichwa chako ukilala kwenye nyumba ya kale ya Lamu. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na chumba ni chembamba kwa sababu boriti haiendi mbali. Yaani mti ndio uliopima nyumba! Fito, pau, mazio, boriti, nguzo: kila unene una jina lake. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi Arabuni na kusi yakiwa yamesheheni miti yetu, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuiuza nje mwaka 1982. Leo zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Mji wetu uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, watalii wakapiga picha milango. Mikoko ikabaki pazia la nyuma.

Jinsi nilivyofanya: nilinunua kamera kuukuu ya mtumba, fundi akang'oa kile kioo cha ndani kinachozuia infraredi, nikafunga filta ya nanomita 720. Bila kuing'oa, ungehitaji sekunde kadhaa kwa picha moja, na mashua haikusubiri, inayumba. Takwa unaenda maji yakiwa yamejaa, la sivyo unakwama. Na usiende alfajiri kama wapigapicha wengine. Jua la adhuhuri, lile kali wanalolikimbia, ndilo linalotakiwa.

Takwa yenyewe ilihamwa karne ya 17 ikielekea mwisho. Inasemekana maji ya visima yaligeuka chumvi, watu wakavuka kwenda Shela. Kuta zimebaki, lakini hakuna aliyetuachia picha ya miti ilivyokuwa siku ile.

Ndiyo hoja yangu. Tangu 1972 setilaiti za Landsat zinaitazama dunia kwa jicho la infraredi, na mikoko yetu imo. Wageni wana kumbukumbu ya msitu wetu kutoka angani. Sisi tunaoishi nao tuna picha za machweo. Setilaiti inaliona pengo, lakini haijui nani alikata, kwa nini, wala karo ya nani ililipwa na mti ule. Babu anajua. Karo yenyewe ilikuwa ya baba yangu.

Mwakani, mwezi huu huu, nitarudi pale pale. Babu amesema tumpakie mashuani. Wewe uko karibu na msitu gani, na ni mzee gani hujamwonyesha picha yake?