Kwaresima kwa mtu ambaye tayari ana njaa

Kwaresima inapofika swali moja linarudi: anayekula mara moja kwa siku afunge nini tena?

Jina Kwaresima linatoka katika Kilatini, maana yake ni "ya arobaini". Yesu alifunga siku 40 jangwani. Kabla yake, nabii Eliya alitembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Tukumbuke kwamba Eliya alikuwa mkimbizi: malkia Yezebeli alitaka kumwua. Alipolala chini ya mti akiomba kufa, malaika hakumwambia afunge. Alimwamsha mara mbili, akamwambia ale, maana safari ni ndefu.

Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 ulikwisha kutaja siku hizo 40. Wakati ule zilikuwa siku za kuwatayarisha wale watakaobatizwa Pasaka, na za kuwarudisha katika Kanisa waliotenda dhambi kubwa.

Tangu mwanzo kufunga kulienda pamoja na kugawa. Isaya, katika sura ya 58, anakemea wanaofunga huku wakigombana, na kuwataka wamlishe mwenye njaa na kumpokea asiye na nyumba. Kitabu cha Mchungaji wa Hermas, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, kinafundisha kuhesabu bei ya chakula ambacho hukula, na kumpa mjane au yatima.

Leo Kanisa Katoliki linadai kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Mgonjwa, mama mwenye mimba na maskini asiye na chakula cha kutosha hawabanwi na sheria hiyo.

Tena, tarehe 23 Februari 2018, siku ya Ijumaa ya Kwaresima, Papa Fransisko aliwaomba waamini wa dunia nzima wafunge na kusali kwa ajili ya amani ya Kongo na Sudani Kusini. Siku ile wengine walikaa na njaa kwa ajili yetu.

Basi mama wa kambini, kula ulichopata bila hofu; funga chuki na kisasi. Nawe uliyepokea familia nyingine nyumbani mwako, ukagawana nayo fufu na maharagi, umekwisha kuingia katika Kwaresima.