Herufi Tatu Kwenye Cheti

Forodhani palikuwa na forodha kweli. Hapo, karibu na Ngome Kongwe, shehena zilishushwa, zikakaguliwa na kutozwa ushuru, mpaka kazi hiyo ilipohamia Malindi. Bustani tunayoijua kwa urojo na mishikaki ilifunguliwa 1936, kwa jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub. Ukikaa ukutani leo, unaziona boti za Dar es Salaam zikitoka. Kwa miaka mingi, miongoni mwa abiria wake wamekuwamo wanawake wenye bahasha ya hospitali mkobani. Wanakwenda kutafuta mionzi Ocean Road, hospitali ya Wajerumani ya 1897 ambayo tangu 1996 ni taasisi ya saratani.

Tuseme ndani ya bahasha moja pameandikwa T3 N1 M0, na chini yake: hatua ya tatu. Anayejua kwamba hatua ya mwisho ni ya nne hupiga hesabu yake mwenyewe: nimebakiza moja. Hesabu hiyo huweza kumrudisha mtu nyumbani kabla ya dawa ya kwanza. Nayo si sahihi.

Hatua hazikubuniwa kumwambia mgonjwa amebakiza siku ngapi. Zilizaliwa na ugomvi wa madaktari. Mwishoni mwa karne ya 19, William Halsted wa Baltimore alikata titi zima pamoja na misuli ya kifua na mitoki ya kwapani, na wengi wakamfuata. Lakini utajuaje nani anatibu vizuri zaidi, kama mmoja anapokea wenye uvimbe mdogo na mwenzake anapokea walioachwa na wengine? Mwaka 1905, Steinthal wa Stuttgart aliwagawa wagonjwa makundi matatu. Kisha Pierre Denoix, huko Villejuif karibu na Paris, alitumia miaka ya 1943 hadi 1952 kuunda mfumo wa herufi tatu. Kitabu chake cha kwanza cha mfukoni kwa matumizi ya dunia nzima kilitoka 1968.

T ni uvimbe wenyewe: T1 hauzidi sentimita 2, T2 hauzidi 5, T3 umepita hapo, T4 umeingia ukuta wa kifua au ngozi. N ni mitoki. M ni kama ugonjwa umesafiri hadi mbali, kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo. Kwa hiyo mwenye cheti chetu ana uvimbe mkubwa, mitoki ya kwapani imeguswa, lakini safari ya mbali haijaonekana. Kwake madaktari bado hulenga kuponya: dawa za kemikali, upasuaji, mionzi. Ni M1 pekee inayoipeleka saratani hatua ya nne, na hata hapo wapo wanaoishi miaka kwa matibabu, ingawa kupona kabisa ni nadra.

Tena hatua si ngazi inayopandwa. Iliyoandikwa siku ya kugundulika hubaki ile ile. Ugonjwa ukirudi baadaye, husemwa umerudi, namba ya mwanzo haifutwi. Tangu 2018 mwongozo wa Kimarekani unahesabu pia tabia ya seli, kama zinalishwa na homoni au zina protini ya HER2, kwa sababu uvimbe wa ukubwa mmoja huweza kuwa mpole au mkali. Vipimo hivyo vinataka maabara, na maabara zinataka fedha.

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya saratani za matiti zigundulike katika hatua ya kwanza au ya pili. Tanzania wengi hufika wakiwa katika ya tatu au ya nne. Uvimbe huu mara nyingi hauumi, na kisichouma husubiri: mavuno yapite, Ramadhani iishe, mtoto amalize mtihani. Cheti huandika sentimita. Hakina sehemu ya kuandika miezi hiyo, wala nauli ya boti, wala nani atabaki na watoto Unguja mama akiwa Dar wiki nzima nzima kwa mionzi.