Siri iliyotoka Ballarat

Juzi nimerudia kusoma kisa cha Sherlock Holmes kiitwacho The Boscombe Valley Mystery, cha Arthur Conan Doyle, kilichotoka mwaka 1891. Zamani nilitaka kumjua muuaji tu, basi. Safari hii nimejiuliza jambo jingine: kwa nini tajiri mwenye kila kitu alikubali kukamuliwa miaka yote ile?

Kwa ufupi ni hivi. John Turner ni mwenye mashamba makubwa huko Uingereza. McCarthy, waliyejuana Australia, anakaa kwenye shamba lake bila kulipa hata senti. Watu wanauita ukarimu. Siku moja McCarthy anakutwa kando ya ziwa dogo, kichwa kimepondwa. Mwanawe, James, anakamatwa.

Mzizi wa fitina uko Ballarat. Dhahabu ilionekana huko mwaka 1851, watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia, na hakuna aliyekuuliza jana ulikuwa nani. Ujambazi nao ulikuwepo kweli: Julai 1853 msafara wa dhahabu kutoka McIvor kwenda Melbourne ulivamiwa, na watu watatu wakanyongwa. Turner wa hadithini alifanya kama hao, akarudi kwao na fedha, akanunua ardhi na heshima. Kosa lake, alimwacha hai dereva wa mkokoteni. Dereva mwenyewe ndiye McCarthy.

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, walisema wahenga. Mtaji wa McCarthy ulikuwa macho yake. Uingereza ya Malkia Victoria ilipokea mali ya makoloni bila kuuliza sana ilikotoka, lakini jambazi akishajulikana alikuwa amekwisha, na binti yake hakuwa na pa kuficha uso. Ndiyo maana siri ile ilikuwa na bei. McCarthy alipewa nyumba, ardhi na fedha. Mwisho akamtaka binti, Alice, aolewe na James. Hapo Turner akaua.

Kinachoniuma mimi ni James. Kijana asiyejua lolote anakaa mahabusu, mbele yake kitanzi, na mzee mwenye jibu yuko kimya nyumbani kwake. Holmes anaandika ungamo la Turner, Turner anatia saini, halafu Holmes analificha. Atalitoa tu kama James atahukumiwa. Bahati nzuri James anaachiwa. Turner anafariki miezi saba baadaye, na vijana wale huenda wakaoana bila kujua chochote.

Kazi yangu ni habari, na nimefundishwa kwamba ukweli hauna budi kutoka. Lakini ungetoka, Alice angebaki na nini? Na ukifichwa, si ndio mtaji wa McCarthy mwingine? Karatasi ile ilibaki kwa Holmes. Tofauti yake na McCarthy ni moja tu: yeye hakudai kitu.

Wewe ungeichoma?