Kipimajoto kisichotumiwa: namna vipimo vya ulevi vilivyoanguka mahakamani New Jersey

Katika jimbo la New Jersey, huko Marekani, watu 20,667 walipuliza mashini ya polisi ya kupima ulevi, na baadaye wakasikia kwamba matokeo yale hayafai mbele ya mahakama. Chanzo kilikuwa kipimajoto. Lakini habari yenyewe inaanzia mbali.

Zamani polisi wa Marekani walimtambua dereva mlevi kwa macho na pua tu: macho mekundu, harufu ya kinywa, kushindwa kutembea juu ya mstari. Mgonjwa wa sukari au mtu aliyechoka kwa kazi ya usiku aliweza kufungwa kama mlevi, na yule aliyezoea chupa akasimama wima na kuachiwa aende zake. Ndipo katika miaka ya 1930 Rolla Harger, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Indiana, akatengeneza mashini ya kupima pumzi. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyetoka katika polisi ya jimbo hilohilo, akaleta nyingine ndogo na rahisi zaidi. Tangu hapo neno la askari likageuka namba, na nani atabishana na namba?

Tatizo ni kwamba mashini haipimi damu. Inapima pumzi, kisha inakadiria pombe iliyo katika damu kwa hesabu ya 1 kwa 2,100, ambayo ni ya wastani, wakati miili ya watu hailingani. Tena mtu aliyetoka kucheua au kutapika hubaki na pombe kinywani, nayo inapandisha namba. Ndiyo sababu Mahakama ya Juu ya New Jersey, ilipoikubali mashini iitwayo Alcotest mwaka 2008, iliweka masharti. Askari amwangalie mshukiwa kwa dakika 20 mfululizo kabla hajapuliza. Mashini nayo isawazishwe kila miezi 6.

Kusawazisha ni kazi ya subira. Maji yenye pombe ya kiasi kinachojulikana hupashwa moto hadi nyuzi 34, kisha mashini hupima mvuke wake. Joto likizidi au likipungua, mvuke hubeba pombe tofauti na ile iliyoandikwa, na mashini inafundishwa uongo. Kwa hiyo kabla ya yote, joto huhakikishwa kwa kipimajoto cha pekee, kilicholinganishwa na vipimo rasmi vya taifa.

Mwaka 2016 sajini mmoja aliyesawazisha mashini katika kaunti 5 alishtakiwa kwamba aliiruka hatua hiyo, huku akitia sahihi kwenye karatasi kuwa imefanyika. Upande wa serikali ulijitetea kwamba hatua ile haikuwa ya lazima, kwa kuwa mashini ina ulinzi mwingine ndani yake. Utetezi wa ajabu kidogo: kama haina kazi, kwa nini iliwekwa katika utaratibu wa serikali yenyewe? Majaji hawakuridhika. Tarehe 13 Novemba 2018 waliamua kwamba bila kipimajoto hicho, matokeo hayawezi kuaminika kama ushahidi.

Mwanamke aliyefungua njia hiyo alikuwa amekubali kosa kwa sababu ya namba ya mashini peke yake. Alifariki kabla ya hukumu kutolewa. Mahakama ilifuta hatia yake hata hivyo.

Wengine hawakufutiwa papo hapo. Kila mmoja alipaswa kurudi mahakamani na avoka wake, na kama askari alikuwa ameandika vizuri alivyomwona barabarani, hatia iliweza kubaki. Lakini faida ilikuwa kubwa kwa waliorudia kosa, maana New Jersey wakati ule kosa la tatu lilileta siku 180 za kifungo na kunyang'anywa permi kwa miaka 10. Kosa la kwanza likiondoka, hesabu yote inashuka.

Massachusetts nako, ofisi iliyosimamia mashini za namna hiyo ilikutwa imewaficha mawakili mamia ya karatasi zilizoonyesha mashini zilizoshindwa kusawazishwa. Mwaka 2023 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikataza vipimo vilivyofanywa kuanzia Juni 2011 hadi Aprili 2019. Waliohusika ni watu wapatao 27,000.